Dhana na Dhamana: Namna Kompyuta Inavyojifunza Kukagua Mfumo Kipande kwa Kipande

Vichochoro vingi vya Lamu vinamtosha punda mmoja mwenye shogi zilizojaa. Wawili hawapishani. Wakikutana katikati, ukuta wa mawe huku na ukuta wa mawe kule, hakuna wa kugeuka. Mmoja itabidi arudishwe kinyumenyume, na punda aliyebeba mchanga harudi kinyumenyume kwa hiari yake. Ndiyo maana mchukuzi anayeijua kazi hupaza sauti kabla ya kukata kona: "Simile! Simile!" Akiitikiwa "Pita!" kutoka upande wa pili, anaingia.

Ami yangu alifuga punda miaka mingi. Jioni moja, tumekaa kwenye daka la nyumba yake, akaniuliza ninasomea nini hasa.

"Nasomea namna ya kuthibitisha kwamba programu haitakosea, Ami."

"Kwani hamuijaribu?"

"Twaijaribu. Lakini kujaribu kunaonyesha kosa ulilobahatika kukutana nalo. Lile ambalo hukukutana nalo liko palepale, linangoja."

Akanyamaza kidogo. "Basi nifahamishe, mwanangu. Polepole."

Nikamfahamisha kwa punda, na tangu siku hiyo sijapata mfano unaonitosha zaidi. Nitautumia huohuo hapa.

Neno la kwanza ni hali. Mchukuzi yuko nje ya kichochoro, au ameruhusiwa lakini bado hajaingia, au yumo ndani. Hali tatu, basi. Kitendo kimoja humtoa katika hali moja na kumtia katika nyingine. Kitu chochote kinachoweza kuelezwa hivi, kwa hali zinazohesabika zikaisha na vitendo vinavyotoa huku na kupeleka kule, wataalamu hukiita otomata. Lifti ni otomata. Taa za barabarani pia, na pampu ya maji inayojizima tangi likijaa, na yale mazungumzo ya kimyakimya kati ya simu yako na mtambo wa kutuma pesa.

Kwa kuwa hali zinaisha, kompyuta inaweza kuzipitia zote, moja baada ya moja, ikitafuta kama kuna njia yoyote inayofika kwenye balaa. Isipoiona njia hiyo, haipo. Kazi hii inaitwa ukaguzi wa modeli. Ilianzishwa mwaka 1981 na Edmund Clarke na Allen Emerson kule Marekani, na mwaka 1982 Jean-Pierre Queille na Joseph Sifakis wakaifikia kwa njia yao nchini Ufaransa. Clarke, Emerson na Sifakis walipewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2007 kwa kazi hiyo, na kwa maoni yangu waliistahili kuliko wengi.

Tatizo ni hesabu. Mchukuzi mmoja ana hali tatu. Wawili kwa pamoja wana tisa, kwa sababu kila hali ya huyu inaweza kukutana na kila hali ya yule. Kumi wana 59,049. Ishirini wana 3,486,784,401. Hao ni wachukuzi ishirini tu, wenye hali tatu kila mmoja. Sehemu moja ya programu ya kweli huwa na hali maelfu. Wataalamu huuita msiba huu mlipuko wa hali. Ukinunua kompyuta yenye kumbukumbu maradufu, mchukuzi mmoja anayeongezeka anaimeza nyongeza yote na bado hatosheki.

Na kosa linalojificha humo ndani si la kubuni. Mwezi Mei 1999, chombo cha angani Deep Space 1 cha Marekani kilikuwa kikiendeshwa kwa majaribio na programu iliyojiamulia mambo yenyewe, pasipo rubani duniani. Katikati ya jaribio, programu ikakwama: sehemu moja inangojea nyingine, na ile nayo inangojea ya kwanza. Miaka miwili kabla, wakaguzi wa modeli walikuwa wamekwisha kugundua makosa matano katika sehemu nyingine ya programu hiyohiyo, na moja lilikuwa la aina ileile iliyoikwamisha kule juu. Sehemu iliyokwama haikuwa imekaguliwa kwa njia hiyo.

Habari za vyombo vya angani si ngeni kwa mwambao wetu. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini, ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina la uhuru huo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kutazama miale ya eksi angani. Kitu kilichorushwa hakiitwi kirudi kutengenezwa. Ukaguzi wake wote hufanyika kikiwa bado mikononi.

Basi, kama mfumo mzima haukaguliki kwa pamoja, tuukague kipande kwa kipande. Kusema ni rahisi. Mkague mchukuzi mmoja peke yake, bila kujua mwenzake atafanya nini, na utaambiwa kuwa si salama. Na kweli si salama! Usalama wa kichochoro haumo ndani ya mtu mmoja, umo katika makubaliano yao. Mchukuzi wa upande huu hufanya kazi akidhani kwamba mwenzake akishasema "Pita" hataingia mpaka njia iwe tupu. Ukiiondoa dhana hiyo, kila anachokifanya ni hatari.

Hapa ndipo ilipozaliwa, katika miaka ya 1980, mikononi mwa watu kama Cliff Jones wa Uingereza na Amir Pnueli wa Israeli, kanuni ninayopenda kuiita ya dhana na dhamana. Ina hatua mbili. Kwanza, thibitisha kwamba sehemu ya kwanza, ikiwekwa mahali panapoitii dhana fulani, inatimiza sharti la usalama. Pili, thibitisha kwamba sehemu ya pili inaitii dhana hiyo, yaani inaitolea dhamana. Hatua zote mbili zikipita, mfumo mzima ni salama, na hukulazimika hata mara moja kuzichanganya sehemu mbili pamoja. Katika hatua ya kwanza unaichanganya sehemu ya kwanza na dhana, ambayo kwa kawaida ni ndogo. Katika hatua ya pili unaichanganya sehemu ya pili na dhana ileile. Kule kuzidishana kwa hali kunakwepwa.

Nani ataiandika dhana? Swali hili liliikalia kanuni kwa takribani miaka ishirini. Dhana ikiwa legevu mno, inayomruhusu mwenzako karibu kila kitu, hatua ya kwanza inaanguka. Ikiwa kali mno, inayomkataza hata yasiyo na madhara, hatua ya pili inaanguka, kwa kuwa hakuna mwenza wa kweli anayeishi kwa masharti hayo. Ile inayofaa iko katikati, na kuipata kulihitaji mtaalamu akae na mfumo siku nyingi, aikisie dhana, akosee, aikisie tena. Njia iliyokusudiwa kupunguza kazi ya kompyuta ikawa imeihamishia kwa binadamu.

Mwaka 2002 Dimitra Giannakopoulou, Corina Păsăreanu na Howard Barringer walionyesha kwamba kwa sehemu yoyote ya kwanza na sharti lolote la usalama, kuna dhana moja iliyo legevu kuliko zote zinazotosha, na kwamba kompyuta inaweza kuijenga. Mwaka uliofuata, Giannakopoulou na Păsăreanu, waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Ames cha shirika la NASA, pamoja na Jamieson Cobleigh, wakaligeuza swali. Badala ya kuijenga dhana nzima kwa mkupuo, kompyuta iachwe ijifunze dhana, kidogokidogo, kwa kuuliza maswali na kusahihishwa.

Mbinu ya kujifunza hawakuibuni wao. Ilikuwapo tangu 1987, kazi ya mwanasayansi wa kompyuta Dana Angluin, na ina jina fupi: L-nyota. Ukiitazama kwa macho ya mtu aliyelelewa Lamu, unakiona chuo. Kuna mwanafunzi na kuna mwalimu. Mwalimu anaijua otomata, lakini haielezi. Mwanafunzi ana ruhusa ya kuuliza maswali ya aina mbili tu. La kwanza: "Mfululizo huu wa vitendo, umo au haumo miongoni mwa ile inayokubaliwa na otomata?" Mwalimu hujibu ndiyo au hapana. La pili: "Nimeichora otomata hii. Ndiyo yenyewe?" Mwalimu hujibu ndiyo, au humpa mfano mmoja unaoonyesha mchoro ulipokosea. Huo ndio mfano pinzani. Hakuna kuelekezwa zaidi ya hapo, na Angluin alithibitisha kwamba maswali hayo mawili yanatosha.

Siri ya mwanafunzi iko katika namna anavyotambua hali. Yeye hawezi kuziona. Anaona mifululizo tu. Basi hujiuliza: historia hizi mbili, zinatofautiana kwa lolote litakalofuata? Mtu aliyefika gatini kutoka Mokowe na aliyefika kutoka Faza wamepita njia tofauti, lakini ikiwa kuanzia gatini kila mlango ulio wazi kwa huyu uko wazi kwa yule, wako mahali pamoja. Ukipatikana mlango mmoja uliofunguliwa kwa huyu na kufungwa kwa yule, hawako mahali pamoja, hata kama wamesimama bega kwa bega. John Myhill na Anil Nerode walikuwa wameliweka jambo hili katika hisabati mwishoni mwa miaka ya 1950. L-nyota hulitumia kwa kuweka jedwali: mistari ni historia, safu ni miendelezo, na ndani ya visanduku ni ndiyo na hapana. Mistari miwili inayofanana ni hali moja, mpaka itakapothibitika vinginevyo.

Twende sasa kichochoroni, tuone inavyokwenda.

Mchukuzi anayetokea juu tumwite Juu, na wa upande wa bahari tumwite Chini. Juu hungoja "pita", kisha huingia, kisha hutoka, kisha hungoja tena. Kichochoro kina kona, kwa hiyo Chini hamwoni Juu anapoingia. Anamwona anapotoka tu. Vitendo wanavyovijua wote wawili ni vinne: pita, Juu katoka, Chini kaingia, Chini katoka. Sharti la usalama: asiingie mmoja na mwenzake yumo, wala asitoke ambaye hakuingia. Tunatafuta dhana kuhusu Chini itakayomfanya Juu awe salama.

Mwalimu ni nani? Hapa ndipo akili ya wale watafiti ilipong'aa. Mwalimu ni mkaguzi wa modeli mwenyewe. Swali la aina ya kwanza hulijibu kwa kumwendesha Juu pamoja na mfululizo ule mmoja, akitazama kama balaa linaweza kutokea. Kazi nyepesi, kwa kuwa mfululizo mmoja ni kama uzi ulionyooka.

Mwanafunzi anaanza na vitendo pekepeke. Pita? Ndiyo. Chini kaingia? Ndiyo, njia ni tupu. Juu katoka? Ndiyo pia, kwa sababu Juu bado hajaruhusiwa kuingia, hivyo kitendo hicho hakitatokea na hakina madhara. Chini katoka? Hapana, hajaingia bado. Kwa majibu hayo manne anachora kisio lake la kwanza: Chini afanye lolote, wakati wowote, ila asitoke kamwe. Ni kisio la ovyo. Lakini ndilo kisio dogo kuliko yote yanayolingana na alichokwisha kuambiwa, na hiyo ndiyo nidhamu yake: haongezi hali hata moja isiyolazimishwa na ushahidi.

Mkaguzi anaipeleka dhana hiyo katika hatua ya kwanza, na papo hapo anarudi na mfano pinzani: Chini kaingia, halafu pita. Juu akisikia pita anaingia, na Chini yumo. Mwanafunzi anaongeza safu ya "pita" katika jedwali na kuona kitu: mwanzoni kabisa pita ni halali, baada ya "Chini kaingia" si halali. Kumbe hizo ni hali mbili. Anaijaza mistari mipya kwa maswali mengine, na sasa anajua vilevile kwamba aliyeingia anaweza kutoka. Kisio la pili: Chini akiwa ndani, asiseme pita.

Linaanguka nalo. Safari hii mfano pinzani ni pita, halafu Chini kaingia. Chini ameruhusu, kisha akaingia mwenyewe, na Juu huenda yumo tayari nyuma ya kona. Mwanafunzi anaongeza safu ya "Chini kaingia", na anaona kwamba baada ya pita mambo si kama mwanzo. Hali ya tatu imezaliwa: Chini ameshatoa njia. Anauliza kinachoitoa hali hiyo na kuirudisha mwanzo, na anaambiwa ni Juu katoka.

Kisio la tatu linapita hatua ya kwanza. Lina hali tatu: Chini yuko nje, Chini yumo ndani, Chini ametoa njia na anangoja. Nilipofika hapa Ami alinikatiza.

"Hiyo ndiyo desturi yenyewe. Hakuna aliyeandika. Mtoto wa mchukuzi huipata kwa kukemewa."

Sijui kama kuna njia bora ya kuieleza L-nyota kuliko hiyo. Kompyuta iliyapata makubaliano ya kichochoro kwa kukemewa mara mbili.

Hatua ya pili inabaki: je, Chini wa kweli anaitii dhana? Akiwa ni mchukuzi mtulivu, anayesema pita na kungoja mpaka amwone Juu akitoka, anaitii, na kazi imekwisha: kichochoro ni salama. Chini huyo angeweza kuwa na hali elfu kumi ndani yake, za mizigo, bei na uchovu wa punda, na Juu asingelazimika kuzijua. Dhana ya hali tatu inatosha kati yao.

Akiwa ni mchukuzi wa haraka, anayesema pita kisha anaingia bila kungoja, hatua ya pili inaanguka na mfano: pita, Chini kaingia. Hapo kompyuta haikimbilii kulaumu. Inaurudisha mfululizo huo kwa Juu na kuuliza: kweli unaleta balaa, au ni dhana yangu iliyokuwa kali kupita kiasi? Katika mfano huu ni balaa la kweli, na mwenye programu anakabidhiwa njia kamili ya kosa, hatua kwa hatua. Lakini kama Juu angeuvumilia mfululizo ule, basi kosa ni la mwanafunzi. Angeambiwa "huo umo, ulegeze mchoro wako", na mzunguko ungeendelea.

Mzunguko lazima uishe. Kila kisio jipya lina hali nyingi kuliko lililotangulia, na hakuna linaloweza kuizidi ile dhana legevu kuliko zote, ambayo ukubwa wake una mwisho. Mara nyingi unaisha mapema zaidi. Katika kichochoro chetu, dhana legevu kabisa ina hali moja ya ziada, inayohusu mambo ambayo Juu mwenyewe hayaruhusu yatokee, kama vile kuambiwa pita mara mbili mfululizo. Mwanafunzi hakuhitaji kuifikia. Alisimama pale palipotosha kuamua.

Nisiwafiche upande wa pili. Mwaka 2006 Cobleigh huyohuyo, pamoja na George Avrunin na Lori Clarke, waliichukua mifumo kadhaa inayojulikana katika utafiti, wakajaribu kila namna ya kuigawa sehemu mbili, ili waone kama mbinu hii inaokoa kumbukumbu kweli. Matokeo yalikuwa ya kuvunja moyo: mara nyingi hakukuwa na nafuu, na hata pale ilipopatikana ilitegemea kupata mgawanyo mzuri, ambao hata mtaalamu hakuubashiri vema. Nawaheshimu sana watu wanaoipima kazi waliyoshiriki kuizaa na kuchapisha jibu lisilowapendeza. Matokeo hayo hayakuiua mbinu. Yalielekeza macho mahali penye ugumu wenyewe. Sehemu zikishirikiana vitendo vingi, dhana inavimba. Zikishirikiana vichache, inabaki ndogo. Kwa hiyo watafiti wamejaribu kuanza na vitendo vichache tu vya pamoja na kuongeza kimoja kimoja inapolazimu, na mwaka 2005 Rajeev Alur, P. Madhusudan na Wonhong Nam wakaionyesha njia ya kuzihifadhi hali kwa fomula badala ya kuziorodhesha moja moja. Maoni yangu ni kwamba mjenzi anayegawa kazi yake vizuri tangu msingi, sehemu zikizungumza kwa maneno machache yaliyo wazi, ndiye anayenufaika. Aliyechanganya kila kitu na kila kitu hataokolewa na L-nyota.

Ami alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole gizani, kuelekea pale kichochoro cha nyumba yake kinapopokea kingine kutoka ubavuni.

"Na punda wa tatu, anayetokea pale?"

Nikamwambia: katika hatua ya pili tulitaka kuthibitisha kwamba Chini anaitii dhana. Kama upande wa Chini una wachukuzi wawili, ile dhana tuliyokwisha kujifunza inageuka kuwa sharti, wale wawili wanatenganishwa, na mwanafunzi anaanza upya kati yao, akitafuta dhana ya pili ndani ya ile ya kwanza. Na wa nne vivyo hivyo.

"Kwa hivyo kila mmoja anamjua wa mbele yake tu."

"Naam, Ami. Anamjua kwa kadiri inayomhusu."

Kutoka chini ya kichochoro mtu akapaza sauti, "Simile!" Ami akavuta miguu yake kutoka njiani, akaitikia pita.